Mistari Miwili ya Mbonimpa

Speciose hakuwa mtu wa kupendwa, na mimi sikumpenda. Naanza hivyo ili msomaji asije akadhani naandika kumsifu. Watu wengi wa upande wetu wa Nyaishozi wakisikia jina lake mpaka leo hukunja uso, na akipita mwenyewe hawajisumbui kuukunjua. Naandika kwa sababu kila mtu anaisimulia habari yake vibaya, na mimi siwezi kuvumilia kazi mbaya, hata kazi ya umbea.

Baba yake aliitwa Mbonimpa. Alivuka kutoka Rwanda miaka ya sitini pamoja na mkewe Nyirabageni, akaomba kazi kwa mzee Rwegasira, mwenye kibanja kikubwa cha migomba na kahawa kuliko vyote vya jirani. Mtu wa namna hiyo alipewa kibanda pembeni mwa migomba. Alipalilia, akatandaza nyasi, akachuma kahawa ya wenyewe, na jioni akapewa mkungu wa kwenda kupika. Alikuwa mtu wa nyumba ile bila kuwa mtu wa ukoo ule, na hakuna aliyemwacha asahau. Speciose alizaliwa ndani ya kibanda hicho, na vita vya mwaka sabini na nane vilimkuta akiwa msichana wa kuchota maji.

Vita vilipokwisha tuliamua kujenga kanisa jipya. Sote tulichanga na sote tulipiga kelele, lakini matofali aliyachoma Mbonimpa. Alikuwa na mkono wa udongo. Alijua udongo wa bonde gani unapasuka motoni na wa bonde gani unashika, na tanuri likiwashwa hakubanduka mpaka lipoe. Moshi ule ulimwingia kifuani, akaanza kukohoa kabla paa halijaezekwa, na kikohozi kikamchukua mwaka themanini na sita. Walimzika pembeni mwa kibanja cha Rwegasira, maana mfanyakazi hana kibanja chake cha kuzikwa.

Baadaye Rwegasira naye akafa, na kibanja kikarithiwa na mwanawe Polikarpi. Huyu Polikarpi ndiye alikuwa mwenyekiti wa walei wa parokia yetu, mtu wa suti ya kaki na sauti ya kuamrisha, nami sikumpenda pia. Alisafisha pembe ile ya kibanja, akang'oa msalaba wa miti, akapanda migomba. Nyirabageni alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwamba ardhi ile ina mwenyewe na marehemu alikuwa mgeni. Mama yule hakugombana naye. Alihama na binti yake wakapanga chumba senta ya Nyaishozi, na tangu siku hiyo hakuwa na mahali pa kwenda kusimama kwa ajili ya mumewe isipokuwa kanisani, tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja.

Hapo inabidi nieleze desturi yetu. Siku hiyo ya kuwaombea marehemu tunasoma majina ya wafu wote wa parokia. Jina la marehemu wako likisomwa, unasimama mbele ya watu wote, unapiga ishara ya msalaba, unakaa. Kusimama kule ni jambo kubwa. Watu hushona nguo kwa ajili yake, na asiyesimama huulizwa njiani kama hana wa kwao. Lakini majina ni mengi mno, na misa ikipita saa sita watu huanza kukumbuka pombe ya rubisi na matoke yaliyoachwa jikoni. Aliyekwisha kusimama alitoka, hakuona sababu ya kungoja wafu wa wenzake.

Mpangilio wa majina ulikuwa umewekwa zamani. Zilianza koo zilizochangia msingi wa kanisa, ukoo wa Rwegasira ukiwa mbele, zikafuata koo nyingine, kisha wafugaji wa huko mbugani, kisha wahamiaji wenye mashamba, na mwisho kabisa wahamiaji waliokaa kwenye mashamba ya watu. Wa mwisho kuliko wote alikuwa Mbonimpa. Hivyo kila mwaka mtu aliyechoma matofali ya kanisa alisomwa ndani ya kanisa tupu, na mkewe akasimama peke yake nyuma, huku mlango ukiwa wazi na watu wakisikika wakicheka barabarani.

Najua hayo kwa sababu msomaji nilikuwa mimi. Naitwa Methodius, na nilikuwa karani wa parokia. Kitabu cha marehemu kilikuwa mwandiko wangu kuanzia ukurasa wa kwanza. Kila marehemu nilimpa mistari miwili: wa juu jina lake, wa chini jina la ndugu anayesimama kwa ajili yake. Kwa jicho langu niliona mara moja, nikasoma: tumwombee marehemu fulani, anaombewa na fulani. Ulikuwa mpangilio mzuri na hakuna aliyewahi kuulalamikia mpaka ilipokuja mashine.

Mashine ilikuja kwa njia hii. Mwaka tisini na nne wakimbizi walipoijaza Karagwe, mashirika yalimwagika na magari yao meupe, yakatafuta vijana wanaojua Kiswahili na Kinyarwanda. Speciose alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akajifunza kupiga taipu kwa masista. Akachukuliwa na shirika moja siku ya kwanza. Huko kambini walimweka mbele ya kompyuta, na kambi zilipofungwa mwishoni mwa tisini na sita alikuwa amebadilika hata mwendo. Alivaa suruali. Alikuwa anasema shikamoo huku anatazama pembeni, kama mtu anayelipa ushuru. Ukimwuliza jambo, alikujibu kwa ufupi hivi kwamba ulijuta kuwa na mdomo.

Shirika lile lilipoondoka lilimwachia paroko kompyuta moja, printa yake na jenereta ndogo, na Speciose akaja navyo kama mpini unavyokuja na jembe. Paroko akasema sasa kazi za ofisi zitakwenda haraka. Mimi nikapewa funguo za stoo ya mahindi. Sitaki kulizungumza zaidi ya hapo, ila niseme tu kwamba mwandiko wangu ulisifiwa mpaka Bukoba.

Kwa kuwa stoo na ofisi vilitenganishwa na ukuta usiozidi mabega, nilimsikia na kumwona kila siku. Kompyuta ile haikuwa na picha wala rangi. Ilikuwa kioo cheusi chenye maandishi meupe, na ukitaka ifanye kitu ulipaswa kuiandikia amri neno kwa neno, nayo ikatii au ikakutukana. Fundi mmoja wa kambini alikuwa amempa Speciose disketi yenye amri ndogondogo za kushughulikia maandishi, naye aliitunza ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya bahasha, ndani ya Biblia.

Kuna siku paroko alimtaka anieleze ili nijifunze. Alinieleza akiwa amenipa mgongo. Amri ya kwanza iliitwa cat, na kazi yake ilikuwa kuunganisha: unaitajia mafaili, yenyewe inayamwaga moja baada ya jingine mpaka yanakuwa faili moja refu. Ya pili, split, ilikuwa ya kukata: faili likiwa kubwa lisiloingia kwenye disketi, inalipasua vipande. Ya tatu iliitwa tac, ambayo ni ile ya kwanza iliyoandikwa kinyume, na kazi yake ilikuwa kinyume vilevile. Hii inalitoa faili kuanzia chini, mstari wa mwisho unakuwa wa kwanza na wa kwanza unakwenda mwisho. Nikamwuliza ina faida gani kusoma kitu kuanzia mwisho. Akasema faida yake inategemea wewe umewekwa wapi.

Mwaka tisini na saba ndipo alipochapa kitabu changu cha marehemu kwenye ile mashine. Alikinakili kama kilivyo, mistari miwili kwa kila mtu, lakini alifanya ujanja. Alitengeneza faili moja kwa kila kigango, yaani kila tawi la parokia, na wahamiaji akawaweka ndani ya vigango walivyoishi, wamechanganyika na wengine. Kisha akaunganisha mafaili yote kwa ile cat, akachapa. Katika karatasi ile Mbonimpa alikuwa katikati kabisa, mahali ambapo kanisa lingali limejaa na watoto hawajaanza kulia. Nyirabageni aliambiwa, akanunua kitambaa, akashonesha gauni.

Polikarpi aliiomba karatasi Jumamosi, siku moja kabla ya kusomwa. Aliipitia amesimama, kidole kikishuka, na kidole kilipofika kwa Mbonimpa kikasimama. Hakupandisha sauti. Alimwambia Speciose kwamba wafu wa parokia wana utaratibu wao, na utaratibu hautabadilishwa na mtoto aliyezaliwa kwenye kibanda cha Rwegasira. Akamwagiza awatoe wahamiaji wote kwenye kila kigango, awarudishe mwisho walipokuwa, na baba yake awe wa mwisho wao.

Speciose alikata. Nilimsikia akikata mchana kutwa, maana vidole vyake vilipiga vile vitufe kama anayepura maharage. Alitoa watu wa kwao mmoja mmoja kutoka kila faili, akawakusanya kwenye faili lao peke yao, akaliunganisha mkiani. Kesho yake Nyirabageni alikuja na gauni jipya, akaketi nyuma, akangoja. Jina lilipofika, waliokuwa ndani ni yeye, Speciose, paroko aliyesinzia, mimi, na mzee mmoja aliyekuwa anatafuta kofia yake. Mama yule alisimama vilevile. Sikuona huruma kubwa wakati ule, nilikuwa na njaa, lakini niliona alivyolinyoosha lile gauni jipya kabla ya kukaa.

Mwaka uliofuata Nyirabageni alikuwa ameisha. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kukopa, na mganga wa zahanati akamwambia Speciose waziwazi asitegemee mwaka mwingine. Mama huyo hakuomba hospitali ya mjini wala hakuomba nguo. Alitaka jambo moja: asimame kwa ajili ya Mbonimpa watu wakiwapo. Alilisema mbele yangu ofisini, ameegemea fimbo yake, na Speciose akamjibu kwa Kinyarwanda maneno mawili matatu. Kisha akaketi mbele ya mashine kama mtu anayeketi mbele ya adui.

Angeweza kwenda kwa Polikarpi kuomba. Nilimshauri hivyo, na ushauri wangu ulikuwa mzuri. Alinitazama juu chini akaniuliza kama mimi nilipopewa stoo nilikwenda kwa mtu kuomba. Huo ndio mdomo wake.

Akafanya hivi. Alilichukua faili zima kama Polikarpi alivyolipanga, asihamishe hata jina moja, ili mtu asije akasema kwamba amechezea utaratibu. Akaliendesha kwa ile tac. Wa mwisho atakuja wa kwanza, kanisa likiwa limejaa mpaka kwenye madirisha, na ukoo wa Rwegasira utasomwa mwisho, mlango ukiwa wazi. Hakuficha hata kidogo kwamba alitaka iwe hivyo. Alitaka Polikarpi asimame katika kanisa tupu, aone lilivyo.

Na alikuwa amejaribu kwanza, hilo nalishuhudia. Aliandika majina ya ndizi kwenye kioo, kila moja na mstari wake: nshakara, entobe, kisubi, kainja. Akaamuru, zikatoka kainja, kisubi, entobe, nshakara. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini ndizi zilikuwa na mstari mmoja mmoja. Marehemu walikuwa na miwili. Jenereta lilibakiza mafuta kidogo, printa ikaanza kukoroma, na alipoona jina la mama yake na la baba yake yako juu kabisa ya karatasi, alikata karatasi akaikunja akazima. Aliona alichotaka kuona, hakutazama lipi limetangulia.

Watu walisema baadaye kwamba kosa ni la mpangilio wangu wa mistari miwili. Huo ni upuuzi. Kitabu kiliandikwa kisomwe kutoka juu kwenda chini, kama kitabu chochote cha watu wenye akili.

Siku ikafika, kanisa likajaa. Polikarpi alikuwa benchi la mbele na suti yake. Nyuma yake aliketi Kantengwa, mjane mnene mwenye duka senta, ambaye naye ni wa wahamiaji lakini fedha za duka zilikuwa zimemsogeza mbele. Nyirabageni aliletwa ameshikwa mikono, akawekwa mwisho karibu na nguzo. Paroko, ambaye ni mgeni katika wilaya na hajui nani ni nani, akaniashiria. Nikaikunjua karatasi, nikaona jina la juu, na kinywa changu kilichozoea kazi kikasoma kabla akili haijafika.

"Tumwombee marehemu Nyirabageni, anaombewa na Mbonimpa."

Ningekuwa mtu wa kubuni ningesema kanisa lilizizima. Halikuzizima. Baadhi walikuwa hawasikilizi, na wachache waliosikia walidhani ni mwingine mwenye jina hilo. Mimi nilikwisha kujua kuna jambo, lakini nilikuwa mbele za watu na mtu mbele za watu anaendelea. Nikasoma linalofuata: tumwombee marehemu Kantengwa, anaombewa na Telesfori. Telesfori ni mumewe, na alikuwa amekufa tangu mwaka wa themanini na tisa.

Hapo ndipo palipochafuka. Kwetu kumtaja mtu aliye hai miongoni mwa wafu si mzaha wala si kosa la kusema samahani yakaisha. Ni kumwonyesha njia. Kantengwa alijishika kifua kwa mikono yote miwili akaanza kuuliza nani amemfanyia hivi, na sauti zikapanda kutoka kila upande, kila mtu akitaka kujua kama na yeye yumo. Nilibaki nimeshika karatasi. Niliangalia mistari iliyobaki nikaelewa kwamba nikisoma mpaka chini nitakuwa nimezika parokia nzima.

Katika zogo hilo Nyirabageni alisimama. Alishika nguzo kwanza, kisha fimbo, kisha akaachia nguzo. Waliokuwa karibu naye walinyamaza kwa hofu, maana alikuwa ametajwa kwanza, na ukimya huo ukasogea mbele benchi kwa benchi mpaka kwa Polikarpi. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia.

"Mimi nipo. Aliyekufa ni Mbonimpa, mume wangu. Matofali hayo mnayoegemea ni yeye aliyeyachoma."

Akapiga ishara ya msalaba taratibu, kama inavyotakiwa, akakaa.

Waliokuwa wameegemea ukuta walijibandua. Niliona kutoka pale nilipokuwa nimesimama, na sitasahau, mtu mmoja baada ya mwingine akijisogeza mbele kidogo kama ukuta umepata moto. Polikarpi ndiye aliyepata fahamu kwanza. Alikuja akaninyang'anya karatasi, akaivuta mpaka mwisho kutafuta jina lake. Alilikuta: Polikarpi juu, Rwegasira chini. Alisoma moyoni, midomo ikicheza, na uso wake ukawa wa majivu. Kisha akageuka akamtafuta Speciose kwa macho, akamwambia mbele ya altare kwamba amemwandika amekufa, na kwamba mbele ya Mungu ataona mwisho wake. Paroko akakatisha, akasema tuwaombee wote bila majina. Misa ikaisha hivyo.

Kikao cha walei kilikaa siku ileile ofisini. Nilikuwapo kwa sababu walitaka mtu wa kuandika kwa mkono, hawakutaka tena mashine. Speciose alisimama, hakupewa kiti. Walipomwuliza kama alikusudia, alisema jambo moja alilikusudia na jingine hakulikusudia. Kugeuza utaratibu alikusudia na angefanya tena. Kuwaweka walio hai mahali pa wafu hakukusudia.

"Nilidhani inageuza watu," alisema. "Kumbe inageuza mistari."

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mimi, nami sikuwa na sababu ya kumtetea. Polikarpi alisema mtu haandiki jina la aliye hai juu ya la maiti kwa bahati mbaya, tena parokia nzima. Kantengwa alisema maneno ambayo siyaandiki. Waliuliza kama yuko tayari kuomba radhi, akajibu kwamba atamwomba radhi Kantengwa na wengine wote atawaomba, nyumba kwa nyumba, ila Polikarpi hapana mpaka aeleze lilipo kaburi la baba yake. Wakamfukuza kazi. Alitoa disketi yake kwenye mashine, akairudisha kwenye nailoni, kwenye bahasha, kwenye Biblia, akatoka bila kuaga. Kompyuta ikafunikwa kitambaa cha meza na juu yake wakaweka sanamu ya Bikira Maria.

Alikwenda kweli nyumba kwa nyumba. Walimfungia milango. Wengine walimfungulia mbwa, na mimi nilimsikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, nikamwambia nimesikia. Alikuwa na kijishamba huko Ndama alichonunua kwa mshahara wa kambini, akamhamishia mama yake huko.

Nyirabageni alikufa baada ya Krismasi, katika lile jua la mwezi wa kwanza. Mnaweza kukisia yaliyosemwa. Wale waliokuwa wamemwona amevimba miguu mwaka mzima walisema kilichomuua ni kusomwa. Walisema binti amemsomea mama yake kifo ili apate alichotaka, na hata wanawake waliokula naye chakula kimoja walikataa kwenda kumlilia. Niliyaona mazishi hayo, ingawa sikukaa. Kaburi lilichimbwa na Speciose mwenyewe na vibarua wawili wa Kirundi, katikati ya shamba lake, mahali ambapo hakuna mtu atakayepanda mgomba bila ruhusa yake. Alikuwa na udongo mpaka mabegani. Nilimpa pole, akaniambia nishike upande mmoja wa kamba, nikashika.

Mwezi wa kumi Polikarpi aliniita. Nilirudishiwa ofisi, nikarudishiwa kitabu, nikaambiwa niandike upya kwa mwandiko wangu na utaratibu uwe uleule wa zamani, wenye msingi mbele, vibarua mwisho. Niliandika. Mistari miwili kwa kila mtu, wafu juu, walio hai chini. Mwisho kabisa wa kitabu niliandika Mbonimpa na mkewe Nyirabageni, na chini yao Speciose, kwa kuwa ndipo utaratibu ulipowaweka. Sikuwasogeza hata hatua moja juu. Sikuwahi kumpenda.

Tarehe mbili kanisa lilijaa kama kawaida. Nilianza kusoma, na Polikarpi akasimama wa kwanza kwa ajili ya baba yake, akakaa. Nikaendelea, koo kwa koo, na nilipofika pale ambapo kila mwaka watu wa mbele huanza kunyanyuka, nilinyamaza kidogo nikiwangoja watoke ili viatu vyao visinizibie sauti. Hakunyanyuka mtu. Nikadhani hawajaona kwamba wamekwisha. Nikasoma wafugaji, nikasoma wahamiaji wenye mashamba, saa sita ikapita, watoto wakalia, jua likageuka upande wa pili wa madirisha, na bado hakutoka mtu hata mmoja.

Ndipo nilipomwona Kantengwa. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa benchi, shingo mbele, ananitazama mdomo. Wote walikuwa wananitazama mdomo. Walikuwa wanasikiliza kila jina, la juu na la chini, kuhakikisha kwamba wakigeuza mgongo hawatasomwa. Hakuna aliyethubutu kutoka akauacha mstari wake mikononi mwa mtu mwingine. Polikarpi naye alikuwapo, suti imelowa jasho, macho hayapepesi. Hawakubaki kwa upendo, asije mtu akawasifu. Walibaki kwa sababu walikuwa wanatuogopa, mimi, kitabu, na yule mwanamke aliyeketi nyuma karibu na nguzo.

Nilifika mwisho. Nikasoma Mbonimpa na mkewe Nyirabageni, wanaombewa na Speciose.

Alisimama. Benchi zote ziligeuka kumtazama, kanisa zima lililojaa mpaka kwenye madirisha, na hapakuwa na jicho moja la kumpa heri. Aliwatazama na yeye, kuanzia nyuma kuja mbele mpaka kwa Polikarpi, akapiga ishara ya msalaba taratibu kama mama yake, na hakuwa na haraka ya kukaa. Nilisubiri, sikufunga kitabu mpaka alipokaa mwenyewe.

Wameendelea kubaki tangu mwaka huo.